Kona ya Fundi: Hizo za 118 mwachie mwenyewe

Kwa asiyenijua: mimi ni binti wa fundi mashua wa Pangani, na huu ni msimu wangu wa kumi na mbili kwenye karakana ya skii (mbao ndefu za kuvaa miguuni kuteleza juu ya theluji) chini ya milima ya Wasatch, jimbo la Utah, Marekani. Nanoa makali, napiga nta kwa pasi, naziba matobo, nafunga vifungio vinavyoshika buti juu ya skii. Kila Novemba barua zenu huwa na neno moja: upana wa skii. Safari hii nimechagua tatu.

SWALI
Jambo sana, Dada Fundi. Mimi ni mtu wa Uvira, sasa ninaishi Salt Lake City. Ninafanya kazi jikoni katika hoteli moja ya huko juu bondeni Little Cottonwood, na kwa kuwa ni mfanyakazi napanda bure lifti za kupandisha watelezaji mlimani. Huu ni mwaka wangu wa tatu wa kuteleza. Nina kilo 82, urefu mita 1.78. Skii zangu ni za mitumba, kiuno 78. Kwenye njia iliyolainishwa sina shida, ila siku theluji ikifika magotini nazama kama ng'ombe kwenye tope, wenzangu wananipita wanaelea tu. Kuna mtu anauza jozi yenye kiuno 118, urefu 188, na vifungio vyake, dola 300. Nataka jozi moja ifanye yote: unga (theluji mpya laini) wa asubuhi, msituni, matuta, na ile njia ngumu ya kurudi jioni. Ninunue?

JIBU
Jambo sana, ndugu yangu. Usinunue. Hizo za 118 mwachie mwenye jozi nyingine mbili nyumbani.

Tuanze na namba, maana wengi wanazitaja bila kuziangalia. Chukua skii yoyote, tazama karibu na mkia: kuna namba tatu kwa maandishi madogo, tuseme 134-104-124. Hizo ni milimita. Ya kwanza ni upana wa omo, yaani mbele, ya mwisho ni upana wa tezi, yaani mkia (nisamehe, nimekulia kwenye mashua) na ya katikati ni kiuno, pale buti linapokaa. Mtu akikuambia "natumia mia na nne" anataja kiuno. Pembeni yake huwa kuna namba nyingine kama R 18, yaani ukiilaza skii ubavuni na kuiacha ijipeleke, itachora duara lenye nusu kipenyo cha mita 18. Namba ikipanda, kona inakuwa ndefu.

Sasa kwa nini unazama? Kilo zako 82, ongeza buti, koti na mkoba, hapo tunazungumzia 90 na zaidi, na zote zimekaa juu ya mbao mbili nyembamba. Skii ya 78 inaingia thelujini kama kisu, ya 118 inakaa juu kama sinia. Jambo hili halikujulikana zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mwaustria Rupert Huber, wa kiwanda cha Atomic, alichukua snowboard, ule ubao mmoja mpana wa kutelezea kwa miguu yote miwili, akaupasua katikati kwa msumeno, na humo ndimo zilimotoka skii za kwanza pana. Watu walizicheka, wakasema ni za wazee wenye magoti mabovu. Mapema miaka ya 2000 mteleza skii maarufu Shane McConkey akaja na wazo la pili: skii ya unga isifuate umbo la skii, ifuate umbo la chombo cha majini, ncha zote mbili zikiwa zimeinuka. Tangu hapo karibu kila skii ya unga ina kile tunachokiita roka, yaani omo inaanza kuinuka mapema, mbali kabla ya ncha yenyewe. Baba yangu angeelewa kwa kutazama mara moja. Chombo kisichoinua omo kinakula wimbi.

Kwa hiyo ni kweli upana unakufanya uelee. Lakini tuhesabu upande wa pili. Ukisimama kwenye skii ya 78, makali yako milimita 39 kutoka katikati ya mguu. Kwenye ya 118 yako milimita 59. Sentimita mbili, utasema si kitu. Kwenye unga si kitu kweli, kwa sababu huko husimami juu ya makali. Kwenye theluji ngumu, kila kona lazima uilaze skii juu ya makali, na hizo sentimita mbili zinainuliwa na kifundo cha mguu na goti lako, siku nzima, kona baada ya kona. Jioni utajua.

Mimi nilijua. Msimu wangu wa pili nilinunua jozi ya 122, rangi ya machungwa, nikajiona malkia wa mlima. Siku tatu zilikuwa tamu kupita kiasi. Ya nne ikaja baada ya wiki nzima bila theluji mpya. Kuna njia inayokata ubavu wa mlima kuelekea lifti, iko kivulini, na siku hiyo ilikuwa inametameta kama kigae cha bafuni. Nikainamisha skii, zikakataa. Nikainamisha tena, nikashuka kwa makalio mita kama arobaini hadi miguuni pa darasa la watoto wa miaka sita. Mmoja akaniuliza kwa upole kama nimelala.

Baada ya hapo nilianza kuandika kwenye daftari. Msimu mmoja nilipanda siku 41. Zilizokuwa na unga wa kufika magotini zilikuwa tisa, na katika hizo tisa, ikifika saa tano asubuhi unga wa maana ulikuwa umeshachanwachanwa. Zilizobaki zote ni mchanganyiko, na mchanganyiko huo ndio unaotakiwa uununulie skii. Mimi na kijana mmoja wa Kigoma hapa karakanani tumezipa theluji hizo majina ya jikoni, na wewe mpishi utatuelewa kuliko mtu yeyote. Kuna unga wenyewe. Kuna uji wenye madonge, yaani unga uliokwisha kupitiwa na watu mia mbili. Kuna ukoko: juu pagumu, chini laini, unakanyaga unavunjika unazama. Kuna chenga za mwezi wa nne, ambazo usiku huganda na mchana hulegea zikawa tamu. Na kuna kigae, nimeshakusimulia.

Ukoko utaukuta zaidi miteremko inayotazama kusini. Kwetu jua linapita utosini, hatukuzoea kuuliza mteremko unatazama wapi. Hapa wakati wa baridi jua liko chini upande wa kusini, linapika mteremko huo mchana, usiku unaganda. Upande wa kaskazini unga hukaa siku kadhaa. Bonde lako la Little Cottonwood lina miteremko mingi ya kaskazini, na ndiyo bahati yako.

Bahati yako ya pili ni theluji yenyewe. Ya Alta, kituo cha skii cha bondeni humo, kwa wastani, ni kama asilimia 8 tu maji, iliyobaki ni hewa. Tena si ukavu peke yake. Dhoruba nyingi za huku huanza na joto kidogo na kumalizia na baridi kali, kwa hiyo theluji nzito inatangulia chini na nyepesi inakaa juu yake, mfano wa godoro lililotandikwa shuka. Skii inapata cha kuegemea. Ikipangika kinyume, nyepesi chini na nzito juu, hata ya 125 itakunyanyasa. Na mnapata nyingi: wastani wa Alta ni zaidi ya mita 13 kwa msimu, na ule wa 2022-23 ulifika inchi 903, karibu mita 23. Mwaka huo mwenye 118 alicheka. Ila usinunue skii kwa kuutegemea mwaka huo urudi.

Kwa hiyo, kwa mtu mwenye jozi moja, mwenye kilo zako, bondeni kwako: kiuno kati ya 100 na 106. Roka mbele, tao chini ya buti (yaani ukiilaza sakafuni bila uzito, katikati inaachia nafasi unayoweza kupitisha karatasi nene), na mkia ulioinuka kidogo tu. Tao ndilo linaloshika kigae, roka ndiyo inayopanda juu ya unga. Urefu 180 hadi 184. Usiogope kwamba inakupita kichwa, maana sehemu iliyoinuka haigusi chini kwenye njia ngumu, hivyo ya 182 yenye roka inageuka kama fupi. 188 kwa mwaka wa tatu, msituni, ni kujitafutia mti wa kukumbatia.

Uzito uuangalie pia, na hapa sikubaliani na wauzaji wengi. Wanasifu wepesi. Wepesi ni mzuri kwa anayepanda mlima kwa miguu yake. Wewe unapandishwa na lifti. Skii nyepesi mno ikiingia kwenye uji wenye madonge inarukaruka, kila donge inalipigia hodi. Tafuta ambayo mguu mmoja una kilo 1.9 hadi 2.1, kiini cha mbao. Zenye mabati mawili ya aloi ndani hutulia sana kwenye mwendo, lakini matutani zitakuchosha. (Matuta ya huku hayawekwi na halmashauri. Tunayajenga wenyewe, kila mtu akigeukia pale alipogeukia mwenzake.)

Ukipata za mitumba za kiuno hicho, zigeuze. Makali yapitishie ukucha: yakikwangua unga wa ukucha bado yana uhai. Angalia kama yamepasuka mahali, na kama yapo ya kutosha kunoa, maana yaliyobaki uzi mwembamba yamekwisha. Mkwaruzo kwenye soli ya skii, yaani upande wa chini, nitauziba kwa dakika kumi, tobo linaloonyesha mbao ni kazi nyingine. Kisha hesabu matundu ya skrubu juu. Seti moja ya zamani, sawa. Mbili, nitapima nafasi kati yake. Ya tatu mimi sitoboi, ubao una ukomo. Na vifungio alivyoweka mwenye skii viliwekwa kwa urefu wa buti lake na uzito wake. Lete buti lako, nipime urefu wa soli, niulize umri, kilo na uteleza vipi, ndipo niweke namba ya kuachia. Kifungio kisichoachia kinavunja mguu.

Mambo mawili ya unga ambayo wenzako wanaoelea huenda hawakukuambia. Moja: chini ya misonobari kuna shimo. Matawi yanazuia theluji isishuke kuzunguka shina, panabaki uwazi uliofunikwa unga. Mtu akitumbukia humo kichwa chini hatoki peke yake. Msituni siku ya unga nenda na mwenzako, mwonane kwa macho wakati wote. Pili: kamba za mpaka wa eneo la hoteli si mapambo. Nje yake ni maporomoko ya theluji, na mteremko unaoanguka zaidi ni ule wa kati ya digrii 30 na 45, yaani huohuo mtamu wa kuteleza. Kituo cha Maporomoko cha Utah hutoa taarifa bure kila asubuhi ya msimu. Aliyefukiwa ana dakika chache mno, kama kumi hadi kumi na tano za matumaini ya kweli. Bila redio ya kutafutia, fimbo, koleo na mtu aliyefundishwa kuvitumia, kaa ndani ya kamba.

Na utepe! Siku ya unga skii ikichomoka inapotea kabisa. Nimeona mtu anachimba saa mbili, ikapatikana mwezi wa sita. Mimi nakata vipande vya kanga kuukuu, nyekundu, mita mbili kila kimoja, ncha nafunga kwenye breki ya kifungio (vijiti vinavyoshuka kuizuia skii isikimbie ikichomoka), iliyobaki naisokota na kuificha ndani ya mguu wa suruali. Skii ikitoka, kanga inabaki juu. Zangu zimekatwa kwenye doti ya shangazi, na maneno yake bado yanasomeka nusu: "...SIKUJALI".

SWALI
Dada Fundi, hujambo? Naandika kutoka Calgary, Kanada, kwetu ni Nakuru. Nina kilo 54, urefu sentimita 158, nateleza Lake Louise mwaka wa sita. Dukani waliniambia mwanamke 85 inamtosha. Nikaazima za mume wangu, 106, urefu 184, nikahisi nimefungwa milango miguuni. Je, waliosema kweli ni wao?

JIBU
Sijambo, mdogo wangu. Hawakusema kweli, na mlango nao haukuwa wako.

Theluji haijui nani mwanamke, inajua kilo. Mume wako sijui uzito wake, lakini wewe na yule ndugu wa Uvira hapo juu mna tofauti ya kilo 28. Anachopata yeye kwenye 104, wewe utakipata kwenye 92 hadi 96, urefu 160 au 163. Kumbuka pia kwamba buti lako ni dogo na mguu wako mwepesi, kwa hiyo kuinua makali ya 106 kwako ni kazi kubwa kuliko kwake. Huo ndio mlango uliouhisi.

Lake Louise haipati hata nusu ya theluji ya Alta, na baridi yenu ni ya kutisha. Chini kunakuwa kugumu, upepo unapiga. Ningekaa karibu zaidi na 92 kuliko 96, tao la kutosha, roka ya wastani. Theluji ya digrii 20 chini ya sifuri inakwaruza kama msasa, chembe zake bado zina ncha kali. Nta ya kawaida haidumu hata siku. Omba nta ngumu ya baridi, ipigwe kwa pasi, ikwanguliwe yote mpaka uone kama hakuna kitu.

Na hizi zinazoitwa skii za kike: nyingine zina kiini chepesi na alama ya kifungio imesogezwa mbele kidogo, jambo la maana. Nyingine ni rangi tu. Muulize muuzaji kilichobadilika ndani, umtazame usoni anavyojibu.

SWALI
Asalaam alaykum, Bi Fundi. Mimi ni wa Maskati. Nimejifunza Ski Dubai, lile jumba la theluji la ndani kule Dubai, nimekwenda mara nne. Mwezi wa kwanza naenda na binamu zangu Niseko, Japani, na wao wanasema theluji ya huko ni kiunoni, nikanunue skii za 120 kabisa kabla ya kuondoka. Unasemaje?

JIBU
Waalaykum salaam. Nasema binamu zako wamesema kweli kuhusu theluji, wamekosea kuhusu wewe.

Niseko ni mojawapo ya mahali pachache ambapo 115 si majivuno. Upepo mkavu unatoka Siberia, unavuka Bahari ya Japani, unazoa unyevu njiani, ukigonga milima ya Hokkaido, kisiwa ilipo Niseko, unautua wote. Mtu wa Maskati hahitaji kufundishwa habari za upepo wa msimu. Kaskazi iliwaleta wazee wako Unguja, huu wao unaleta theluji mwezi mzima wa kwanza karibu bila kupumzika. Miteremko si mikali sana, miti imeachana. Na kwa kuwa si mikali, ukizama unasimama, basi upana una faida.

Lakini Ski Dubai, iliyofunguliwa mwaka 2005, mteremko wake mrefu kabisa ni mita 400, na theluji yake imeshindiliwa. Mara nne pale ni mwanzo mzuri wa kujua kusimama, siyo kuelea. Ukivaa 120 siku ya kwanza utapigana nazo kwenye njia iliyolainishwa, ambako ndiko mwalimu atakupeleka, na utapelekwa, usijidanganye. Kodi hukohuko: siku mbili za 88 au 90 na mwalimu, halafu urudi dukani ubadilishe za 105, umwache binamu wako na 115 yake atangulie. Pesa uliyotenga kwa skii nunulia buti, zilizopimwa mguuni mwako na mtu anayejua. Skii ya kukodi huzoeleka asubuhi moja, buti la kukodi lililokomaza harufu ya watu mia linaumiza hadi siku ya kurudi. Na malango ya kutoka nje ya eneo, yakifungwa, yamefungwa. Usiinue kamba.

MASAHIHISHO
Msomaji wa Denver amenikosoa, na ana haki. Toleo lililopita niliandika kwamba breki ya kifungio lazima ilingane na kiuno cha skii. Breki isiwe nyembamba kuliko kiuno, hilo linabaki, maana haitashuka. Lakini inaweza kuzidi mpaka kama milimita 15. Kwa skii ya 104, breki ya 110 au 115 ni sawa. Ya 130 itaburuta thelujini kila unapolaza skii. Aliyenunua breki ya 104 kwa ajili ya maneno yangu hakupoteza chochote, isipokuwa ameitafuta duka kwa duka, na kwa hilo naomba radhi.